Nukta ya Njano

Marehemu alikuwa kompyuta.

Amelazwa ubavu juu ya meza, kifuniko pembeni, nyaya zimemtoka tumboni. Mahali pa diski palikuwa na pengo la mstatili, safi kama jino lililong'olewa na daktari anayejua kazi yake.

Koplo alivua kofia, akainamisha kichwa. "Poleni, wafiwa."

"Koplo."

"Naam, afande."

"Vaa kofia."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa mzaha saa za kazi. Kituo kizima kilimwita Kwanini, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitamka mara nyingi kuliko jina la mumewe. Jumanne hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, alisimama katikati ya chumba kimoja cha ghorofa ya pili na kuwakagua wafiwa. Walikuwa watatu, na wote watatu kazi yao ilikuwa kutengeneza michezo ya simu.

Wa kwanza alikuwa mkurugenzi, kijana wa shati jeupe aliyeitwa Grafu hata mbele ya uso wake, maana bila mchoro wa mistari ukutani hakuweza kukwambia kama ana njaa. Wa pili alikuwa mchoraji, dada mwenye rangi ya kijani kwenye kucha na hasira usoni. Wa tatu ndiye aliyeandika programu. Huyo walimwita Kimya. Alizungumza kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala.

"Kilichoibiwa ni nini hasa?" Inspekta aliuliza.

"Kuku," alisema Grafu.

Koplo akaacha kuandika.

"Kuku Mapepe," Grafu alieleza. "Mchezo wetu. Kuku anakimbia juu ya ukuta huku akidondosha mayai, mchezaji anasogeza kikapu kwa kidole ayadake. Ulikuwa uingie sokoni mwisho wa mwezi. Wote uko kwenye diski hiyo, tangu toleo la kwanza hadi la kumi na mbili."

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Hakuna. Simu za majaribio zina mchezo wa kuchezwa tu, si wa kutengenezwa."

"Kwa nini?"

"Kwenye mtandao kuna wezi," alisema Grafu. "Nilikataza nakala yoyote kutoka chumba hiki."

Mchoraji akacheka kwa pua. Inspekta akamwandika moyoni.

"Mliigunduaje?"

"Asubuhi haikuwaka. Kimya akaifungua, tukakuta pengo."

Inspekta akamgeukia Kimya. "Ulipoifungua, skrubu zilikuwepo?"

"Zote nne," alijibu kwa sauti ya chini. "Zimekazwa."

Hilo ndilo lililomkaa Inspekta kooni. Kitasa cha mlango hakikuguswa. Dirisha zima. Na mwizi, baada ya kuiba, akakaa akarudisha skrubu nne, moja baada ya nyingine, akazikaza. Mwizi gani anafanya usafi?

Jumatatu, walisema, umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu jioni. Wakakaa gizani kidogo, kila mmoja akikusanya vitu vyake, kisha wakaenda nyumbani. Aliyebaki na ufunguo ni mlinzi.

"Basi mwizi tunaye," alisema Grafu. "Nini kinawachelewesha?"

*

Mlinzi alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, Mzee Redio, kwa kuwa kibanda chake cha getini kilijaa redio mbovu alizozitengeneza kujipitishia saa. Koplo alipekua mfuko wake akatoa chupa ya chai, taulo, na bisibisi ndogo ya ncha ya nyota. Ncha hiyo iliingia kwenye skrubu za kompyuta kama kidole kwenye pete.

"Mzee wangu, hii umeitoa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nilipewa, mwanangu."

"Na nani?"

"Mtu mwema."

"Mtu mwema ana jina."

"Analo. Ila simtaji mtu polisi kwa sababu ya wema wake."

"Mzee, ukinyamaza utalala sakafuni."

"Sakafu naijua, mwanangu. Nimeilinda miaka mingi."

Mkuu wa kituo hakuona shida. Mtu unaye, chombo unacho, ufunguo anao. "Ijumaa saa tatu jalada liende kwa mwendesha mashtaka," alimwambia Inspekta. "Na usianze na neno lako lile."

Inspekta akalimeza neno lake lile. Lakini mzee yule mikono ilimtetemeka kidogo akishika kikombe, na skrubu zile zilikuwa ndogo kama punje za mchele. Kwenye mwanga wa jioni, bila umeme? Hakumwamini mzee. Hakuwaamini wale watatu pia. Kwa kweli siku hiyo hata Koplo alimtilia shaka, alipomkuta amejificha nyuma ya kabati na simu moja ya majaribio iliyochukuliwa kuwa ushahidi, akidaka mayai.

"Nafanya uchunguzi, afande."

"Umefika wapi?"

"Hatua ya kumi na tisa. Haipitiki, afande. Nakaribia kulidaka, yai linanipita kwa upana wa kope moja tu. Nimeshaangalia matangazo kumi na moja ya sabuni."

"Lete hapa."

*

Mchoraji alihojiwa wa kwanza, Jumatano asubuhi.

"Mligombana na mkurugenzi wiki iliyopita."

"Kila wiki tunagombana. Nilimchora kuku mwenye macho ya huruma, akaniambia huruma haiuzi. Nikamchora upya, macho ya dharau, ili ukikosa yai akucheke urudi tena."

"Ukaona uibe diski."

"Ningeichoma, afande, wala nisingeiba. Mimi nikikasirika sirudishi skrubu."

Hilo Inspekta aliliamini nusu. Nusu nyingine akaiweka akiba.

Kimya alikaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani.

"Giza lilipoingia ulikuwa wapi?"

"Mezani kwangu."

"Meza yako iko wapi?"

"Jirani na mashine."

"Ukasikia nini?"

"Bosi akilalamika."

"Mzee Redio unamfahamuje?"

Hapo akachelewa. "Ni mzee wetu. Ananipokea mwavuli nikifika na mvua."

"Yuko mahabusu."

"Najua," alisema, akatazama viatu vyake. "Atatoka lini?"

Watu wengi humuuliza polisi mtu atafungwa miaka mingapi. Wachache huuliza atatoka lini. Inspekta akaligeuza swali hilo kichwani, asione pa kulipachika.

Grafu hakutaka kukaa. Alimpeleka Inspekta mbele ya kioo kikubwa ukutani, mfano wa televisheni, kilichojaa nukta zilizowaka na kuzimika.

"Umesema tunadanganya watu kwa mayai," alianza.

"Sijasema."

"Uso wako umesema. Tazama. Kioo hiki kina mashine yake, hakihitaji diski. Tuna wajaribu thelathini huko nje, tumewapa mchezo bure kabla ya soko. Kila mmoja wetu alileta watu kumi. Majina hatuandiki, ni namba tu. Kila wakigusa kioo cha simu, kaunta iliyo ndani ya mchezo inatuletea nukta hapa, upande uleule walipogusa. Mimi mchezaji namjua kwa kidole chake kuliko mama yake anavyomjua."

"Na ukishamjua?"

Macho ya Grafu yakang'aa. "Chukua Kumi na Saba. Huyu ni almasi. Ana kidole kizito, anakosa mara arobaini, na haondoki. Mwingine angefuta mchezo, yeye anarudi kila siku saa nne asubuhi kama mtu wa zamu. Nikawaambia hawa, tulipime toleo la kumi na mbili kwa kasi ya Kumi na Saba. Hatua ya kumi na tisa, yai limpite kope moja. Asikate tamaa, asifike. Hapo ama aangalie tangazo, ama anunue kikapu cha dhahabu. Watu wa namna yake wako maelfu, afande. Hao ndio soko."

Nyuma yao Kimya alijikohoza, akatoka kwenda kunywa maji.

Inspekta hakumtazama. Alikuwa amekiinamia kioo, saa yake ya mkononi ikionyesha saa nne na dakika sita.

"Nukta hizi zote ni za bluu," alisema. "Kwa nini ile ya pembeni kushoto ni ya njano?"

"Rangi ni toleo. Bluu ni la kumi na mbili, wote walibadilishiwa wiki iliyopita, linajipakia lenyewe. Njano ni..." Grafu akasogea. Akasogea tena hadi pua ikagusa kioo. "Njano ni toleo la tisa."

"Liko wapi toleo la tisa?"

"Haliko. Tulilifuta kwenye simu zote. Lilibaki kwenye..."

"Kwenye nini?"

"Kwenye diski."

Nukta ya njano ikawaka tena, taratibu. Chini, kushoto. Ikazimika. Ikawaka.

Mwenye diski alikuwa anacheza.

"Hiyo ni namba ngapi?"

Grafu akameza mate. "Kumi na Saba."

"Aliletwa na nani kati yenu?"

"Orodha ya nani kamleta nani," alisema Grafu polepole, "ilikuwa kwenye diski."

*

"Ni Grafu mwenyewe," Koplo alisema garini. "Nukta za njano zote ziko kushoto, afande. Na Grafu anasaini kwa mkono wa kushoto, nimemwona kwenye maelezo yake. Mchezo haujaiva, amejiibia ili asiaibike."

"Nukta zilipowaka alikuwa amesimama na mimi."

"Ana mke."

"Mkewe naye wa kushoto?"

Koplo akafikiria ndoa ya namna hiyo.

Inspekta naye alifikiri. Grafu alikuwa na uwezo wa kujiibia, uso wake uliruhusu. Mchoraji alikuwa na sababu. Kimya alikuwa na meza. Na mzee alikuwa na siri. Wanne, na kila mmoja akimtazama mwenzake kama anayechunga mfuko wake usiibiwe. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Alhamisi, saa nne kasorobo, akawaweka wote watatu mbele ya kioo kile. Simu zao mezani, mikono ionekane.

"Tunasubiri nini?" aliuliza mchoraji.

"Kumi na Saba."

"Atufanyie nini?"

"Acheze."

Mpango wake ulikuwa mdogo. Wao watazame nukta, yeye awatazame wao. Anayemjua Kumi na Saba uso utamsaliti nukta ikiwaka.

Saa nne ikafika. Nukta za bluu zikapepesa huku na huko. Ya njano haikutokea.

Saa nne na dakika tano. Grafu akaanza kuzungumzia hasara, hakuna aliyemsikiliza. Mchoraji akachora kitu pembeni mwa gazeti, Inspekta akakitambua kuwa ni yeye mwenyewe, amechorwa na mdomo wa kuku.

Saa nne na dakika kumi. Koplo akapiga miayo.

Kimya hakutazama kioo. Alitazama saa ya ukutani. Kisha mlango. Kisha saa. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na gari lenye king'ora lilipopita barabarani alishtuka kama amechomwa sindano.

Saa nne na robo akasimama.

"Afande, naomba kupiga simu."

"Wapi?"

"Nyumbani. Dakika moja tu."

"Kaa chini. Kwa nini?"

"Tafadhali, afande," alisema Kimya, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza, chumba kizima kikamgeukia. "Amechelewa. Huwa hachelewi."

Palepale alisikia alichokisema. Akafumba macho.

Na kwenye kioo, chini, kushoto, nukta ya njano ikawaka. Ikazimika. Ikawaka. Kimya akafungua macho, akaiona, akakaa sakafuni kama mtoto na kuanza kucheka na kulia kwa pamoja.

*

Walimpeleka chumba cha pembeni, penye birika na vikombe visivyooshwa. Inspekta alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema lolote na atakalosema litaandikwa. Kimya akaitikia kwa kichwa. Kisha mtu aliyeogopa kuamsha watoto akazungumza robo saa bila kupumzika.

"Ni mama yangu. Kiharusi kilimpata mwaka jana. Upande wa kulia ukalala. Wakamwambia autumie mkono wa kushoto kila siku, hata kwa kubana vibanio vya nguo. Vibanio akavitupa dirishani, akasema yeye si kamba ya kuanikia. Nikamtengenezea kuku."

"Kuku Mapepe?"

"Hakuwa na jina. Alizaliwa jikoni kwetu. Mama alimcheka yule kuku mpaka machozi. Yai lilikuwa linapunguza mwendo kidole chake kikikaribia, linamngoja. Bosi alimwona kuku kwenye simu yangu, akaniajiri kwa ajili yake. Nilifurahi, afande. Nilidhani kuku amepata kazi na mimi nimepata kazi."

"Ukamwandikisha mama yako kuwa mjaribu."

"Nani mwingine anamjua kuku yule kama yeye? Akawa Kumi na Saba. Halafu siku moja bosi anatuita mbele ya kioo. Anasema mtazameni huyu, kidole kizito, haondoki. Anacheka. Nami naangalia vidole vya mama yangu ukutani."

"Ukasema nini?"

"Sikusema. Mimi ndiye Kimya." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nikaandika toleo la kumi na mbili kwa mikono hii. Nilimpima mama yangu mwenyewe, kope moja. Nikajiambia kwake sitaliweka. Likajipakia lenyewe."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akagonga meza, Koplo akaendelea.

"Siku tatu alikosa yai. Siku ya nne akaifunika simu chini ya mto. Akaninyooshea mkono wa kushoto, ule mzima. Akaniambia, 'Mwanangu, na huu nao umekufa.'"

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Ningeanzia wapi? Mama, mkono wako hauna kasoro, ni mimi nililisogeza yai?"

Birika likachemka, hakuna aliyeligusa.

"Nilimwomba bosi alegeze. Akasema soko halilegezwi. Jumatatu umeme ulipokatika nikaona giza limeniita kwa jina. Nikaitoa diski, nikarudisha skrubu. Mkono ulizoea, nimeifungua mashine ile mara mia. Jioni hiyo nikamrudishia mama toleo la tisa. Na soko lisimpate kuku wangu kabisa."

"Ungeizima kaunta, tusingekuona kamwe. Ni kazi ngumu?"

"Mstari mmoja wa programu."

"Kwa nini hukuizima?"

Kimya akatazama mikono yake. "Asubuhi yuko peke yake mpaka jirani aje mchana. Nikiwa hapa sijui kama ameamka. Saa nne nukta zikiwaka, najua ameoga, amekaa, amenyanyua mkono. Ningeizima, ningemjulia wapi hali?"

Inspekta akauliza lililobaki, na hakulilainisha.

"Bisibisi ya Mzee Redio."

"Nilimpa mimi, zamani. Kwa redio zake."

"Analala sakafuni tangu juzi kwa sababu hataki kukutaja."

"Kila asubuhi nilisema leo nakwenda kituoni. Nikasema, acha kwanza nione nukta. Nikiziona, nasema kesho."

"Ulimngoja mama yako kwa gharama ya baba wa wenzio."

"Ndiyo," alisema Kimya. Hakujitetea, na Inspekta alimheshimu kwa hilo tu.

Nje ya mlango Grafu alikuwa ameshasikia ya kutosha. "Kwa hiyo Kumi na Saba ni mama mgonjwa?" aliuliza, akijikuna kidevu. "Kumbe na wagonjwa wanaweza kuwa..."

"Bosi," mchoraji alimkata, "maliza hiyo sentensi nikuchore."

*

Mzee Redio alitoka mahabusu saa saba mchana, akadai mfuko wake, akahesabu vilivyomo.

"Ulijua ni yeye?" Inspekta alimuuliza.

"Nilijua kanipa bisibisi, mwanangu. Zaidi ya hapo sikutaka kujua." Akamtazama Kimya aliyekaa kwenye benchi na pingu. Kijana akafungua mdomo, pole ikamkwama. Mzee akasubiri kidogo, kisha akaenda zake bila kumsaidia.

Diski waliikuta nyumbani kwa Kimya, ndani ya droo ya dawa, imefungwa kwenye soksi. Mama mtu alikuwa amekaa dirishani, shali mabegani, simu imesimamishwa kwenye kibao maalumu kilichotengenezwa kwa mkono. Alimwona mwanawe mlangoni, akaziona pingu. Hakupiga kelele.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" alimuuliza Inspekta. Maneno yalimtoka yamelegea upande mmoja, lakini yalifika.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Amefanya nini?"

"Amechukua kitu cha kazini."

"Kwa nini?"

Inspekta, aliyeuliza neno hilo maisha yake yote, akaitazama simu. Mama naye akaitazama, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, na polepole mkono wa kushoto ukaacha kucheza na pindo la shali.

"Afande," Koplo alinong'ona, "simu nayo ni kielelezo. Lazima tuichukue."

"Nimesikia," alisema mama. "Chukueni. Ila niko hatua ya kumi na tisa, na hapa niliwahi kushindwa. Nimalize kwanza."

Inspekta akavuta kigoda, akakaa. Akamwashiria Koplo akae. Kimya akabaki amesimama kizingitini, mikono mbele, macho kwenye kile kidole kimoja kizito kilichoanza safari yake juu ya kioo.

Kuku akadondosha yai. Kidole kilikuwa bado mbali.

Yai likaning'inia hewani, likamngoja.